Baiskeli kwenye milima ya michikichi Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayetaka kunyonga baiskeli taratibu, bila mashindano, kutoka Kigoma mjini na Ujiji kupanda Mwandiga, Bitale, Kalinzi mpaka upande wa Manyovu. Nimeyakusanya kutokana na maswali ninayoulizwa na wageni, na mengine na wenyeji ambao wamezaliwa hapa lakini hawajawahi kupita njia hizi isipokuwa ndani ya gari.

Kwa nini Kigoma? Na michikichi ina uhusiano gani na baiskeli?

Ufaransa na Italia watu husafiri mbali ili waendeshe baiskeli kwenye vilima vya mizabibu. Ukiwauliza wanafuata nini, watakutajia barabara ndogo zisizo na magari mengi, vijiji vinavyofuatana, zao moja lililowapa watu wa pale tabia yao, na kitu cha kuonja mwisho wa safari. Vyote hivyo viko Kigoma, ila mahali pa mzabibu weka mchikichi, na mahali pa mvinyo weka mawese.

Zao hili si geni hapa. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, mawese yalikuwa tayari bidhaa ya sokoni. Mpaka leo ukikaribia nyumba yoyote ya mjini saa za mchana utayanusa kabla hujaona sufuria.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Mlima huu unasomeka kwa mimea. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kalinzi iko kwenye mita 1,500 hivi. Unapoanza chini kuna mitumbwi na dagaa waliotandazwa juani. Ukipanda kidogo unaingia kwenye michikichi, imesimama mabondeni na kwenye miteremko, mirefu ya wazee na mifupi iliyopandwa juzi. Unaendelea kupanda, michikichi inapungua, migomba inaongezeka, halafu unashtuka upande mmoja wa barabara kuna kahawa na hewa imekuwa baridi. Mwenye gari hupita hayo yote bila kujua yamebadilikia wapi. Mwenye baiskeli anajua, kwa sababu kila badiliko amelilipia kwa miguu yake.

Mbona nisiende Dodoma kwenye zabibu zenyewe?

Nenda, ni pazuri. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ukifika msimu wa mavuno utakula mpaka ushibe. Ila kule ni nchi kavu na iliyo wazi. Anayetaka kilima chenye kijani, kivuli na maji yanayotiririka kandokando ya barabara, aje huku magharibi.

Sijawahi kuendesha milimani. Nianzie wapi?

Anza na Ujiji. Kutoka stesheni ya reli Kigoma, jengo la Wajerumani ambalo reli ya kati iliishia hapo mwaka 1914, mpaka Ujiji ni kama kilomita 8 za lami. Kuna vipandio, lakini havivunji moyo. Nenda asubuhi, kabla bajaji hazijaijaza barabara ya Mwanga.

Ujiji usiipite mbio. Ni mji mkongwe kuliko Kigoma yenyewe, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, njia ambayo pembe za ndovu na watu waliotekwa walipitishwa kwa miguu mamia ya kilomita. Pale kwenye makumbusho ndipo mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe. Wengi hupiga picha hapo wakaondoka. Mimi nakushauri uegeshe baiskeli, ukae kivulini, uwafikirie zaidi wale ambao majina yao hayakuandikwa kwenye jiwe lolote.

Siku ya pili geukia mabonde yenye michikichi, kwenye njia za vumbi. Hapo utajua baiskeli yako inafaa au haifai. Ukirudi umechoka vizuri, si umechoka vibaya, basi siku ya tatu unaweza kuufikiria mlima.

Njia ya Kalinzi ikoje hasa?

Unatoka mjini kwenda Mwandiga, kama kilomita 10. Hapo kuna njiapanda: huku unaelekea Kidahwe na Kasulu, huku unaelekea Manyovu. Shika ya Manyovu. Kutoka Mwandiga mpaka Manyovu ni kilomita 60 za lami, na Kalinzi iko njiani, kwa hiyo huhitaji kuimaliza yote.

Baada ya Mwandiga barabara inaanza kukuuliza maswali. Si mlima mmoja mkubwa. Ni kupanda, kushuka kidogo, kupanda tena zaidi ya ulivyoshuka. Hilo ndilo linalowachosha watu, kwa sababu kila mteremko unakupa furaha halafu unadai irudishwe na riba. Dawa ni moja: usiteremke ukasimamisha miguu kabisa. Endelea kunyonga polepole hata kwenye mteremko, misuli isipoe, ndipo uupokee mpando unaofuata.

Ukipita Bitale michikichi bado ni mingi. Angalia miti yenyewe. Ile mirefu iliyopandwa zamani kwa kawaida ni ya aina ya dura, yenye kokwa nene na nyama kidogo. Miche inayosambazwa sasa ni tenera, ambayo ni uzao wa dura na pisifera. Kokwa yake ina ganda jembamba na nyama yake ni nyingi, kwa hiyo mafuta ni mengi zaidi. Tangu mwaka 2018, serikali ilipoamua kulifufua zao hili na kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) cha Kihinga hapa Kigoma kikapewa kazi ya kuzalisha miche, mashamba ya tenera yameongezeka. Kwa mwendo wa baiskeli utayatofautisha kwa macho: miti yenye umri mmoja, imepangwa kwa mistari, vichala viko chini unaweza kuvigusa ukisimama.

Ukiingia Kalinzi umeingia nchi ya kahawa. Ni arabika, na wakulima wa Kalinzi na Matyazo wamejiunga kwenye vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha Kanyovu. Msimu wa kuvuna utaziona meza za kuanikia zimejaa kahawa yenye ganda, na kina mama wakichambua mbovu kwa mkono. Omba kuonja kahawa ya hapohapo. Watu wengi wa huku hunywa chai, kwa hiyo usishangae ukiambiwa usubiri ichemshwe, subiri. Kukaa nusu saa kwenye benchi la Kalinzi na kikombe cha moto mkononi, jasho likikauka mgongoni kwa baridi, ndiyo sababu ya kuupanda mlima.

Na nikishindwa kupanda?

Shuka usukume. Nasema hivi kwa uzito wote, kwa sababu nimeona vijana wenye baiskeli za gharama wakirudi mjini kwa kuona aibu kushuka.

Watazame wanaoijua barabara hii. Kila asubuhi utakutana na watu wanaoshusha mizigo kwenda sokoni: mikungu ya ndizi, mkaa, mihogo, na madumu ya mawese. Dumu la lita 20 za mawese lina uzito wa kilo 18 hivi. Mtu mmoja hufunga madumu manne kwenye baiskeli ya Phoenix isiyo na gia, hizo ni kilo zaidi ya 70 kabla hujahesabu baiskeli yenyewe. Kwenye mpando anashuka. Anashika usukani kwa mkono mmoja na mkono wa pili anausukumia kwenye keria, mwili umeinama, hatua fupi fupi, hasimami katikati. Akifika juu anapumzika, anakunywa maji, anapanda. Hakuna anayemcheka. Huyo ndiye mwendesha baiskeli hodari kuliko wote utakaowaona siku hiyo, na amesukuma.

Kwa hiyo wewe uliyekuja kutembea, wewe ni mgeni kwenye barabara ya watu walio kazini. Mwenye mzigo akiteremka, mpishe. Usimlazimishe kufunga breki, maana baiskeli yenye kilo 70 nyuma haisimami pale unapotaka wewe. Ukisikia kengele au mluzi nyuma yako kwenye mteremko, sogea pembeni kabisa bila kugeuka kutazama kwanza. Mwenye mzigo akipanda na wewe unateremka, punguza mwendo, mwambie "pole na kazi". Atakujibu hata kama pumzi imemwishia.

Ukiwa na nguvu na ukiona amekwama, muulize kama umsaidie kusukuma. Usiushike mzigo wake kabla hajakubali. Mzigo umepangwa kwa mizani, ukiuvuta upande mmoja unaweza kumwangusha.

Mteremko unatisha. Niuendeshe vipi?

Unatisha kweli, na inafaa ukutishe kidogo.

Breki zinazobana rimu hupata joto unapozishikilia muda mrefu. Zikipata joto sana raba inapoteza nguvu, na kwenye mteremko mrefu tyubu nayo inaweza kupasuka. Bana kwa nguvu kwa sekunde chache, achia, bana tena. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini kwenye changarawe ukiibana ghafla tairi inateleza, kwa hiyo huko tegemea zaidi ya nyuma. Mwili urudishe nyuma ya kiti, mikono iwe laini.

Mvua ni habari nyingine. Rimu ya chuma, kama ile ya Phoenix, ikilowa karibu haina breki. Nilijifunza hilo wakati wa masika, nikiteremka kutoka Kalinzi na raba nilizojua zimelika nikajiambia zitanifikisha. Mvua ilinikuta katikati ya mteremko. Nilibana breki mpaka vishikio vikagusa usukani, baiskeli ikaendelea kukimbia vilevile. Kilichoniokoa ni shamba la mihogo lililokuwa upande wa kushoto bila mtaro. Niliingia humo, nikavunja miti kadhaa, nikalala chini natetemeka. Mwenye shamba alikuja na jembe begani. Nilimwamkia, nikamweleza, nikamlipa mihogo yake. Akaniambia, "Mwanangu, mvua ikianza watu hushuka." Tangu siku hiyo matone ya kwanza yakidondoka nashuka, na raba za breki nazitazama kila jioni kabla ya safari.

Baiskeli gani inafaa?

Ile uliyonayo, kama ina breki zinazoshika pande zote mbili na gia nyepesi. Bila gia unaweza pia, ila utasukuma zaidi, na hilo tumeshalizungumza.

Tairi ndilo jambo la kufikiria. Kwenye lami tairi nyembamba hukimbia, lakini ukitaka kuingia njia za vijijini chukua yenye upana wa milimita 38 hadi 45 angalau. Changarawe na makorongo ya mvua havina huruma na tairi nyembamba.

Kuna mtego mmoja umewalaza watu njiani. Tairi za Phoenix huitwa namba 28, na tairi za baiskeli nyingi za kisasa za 700C nazo huitwa 28. Si saizi moja. Ya Phoenix inakaa kwenye rimu ya milimita 635, ya 700C inakaa kwenye rimu ya milimita 622. Ukipasukiwa Kalinzi, fundi atakupa 28 kwa nia njema na haitabana kwenye rimu yako. Tyubu unaweza kuiazima ikakufikisha, tairi haiwezekani. Beba tyubu mbili zako, viraka, solusheni, na kipande cha tairi kuukuu cha kuwekea ndani kama tairi ikichanika.

Valvu pia. Ile nyembamba ya baiskeli za mashindano haiingii kwenye pampu ya fundi wa kijijini. Beba pampu yako, au kiunganishi kidogo cha shaba kinachoigeuza iwe kama ya gari.

Mafundi wa huku wana akili ya mikono ambayo sijaiona mjini. Spoku, friwili, cheni iliyokatika, krenki iliyolegea, vyote watakutengenezea chini ya mti. Wakikushindwa ni kwa sababu ya kifaa kukosekana.

Msimu gani ni mzuri?

Kiangazi, kuanzia Juni mpaka Septemba. Barabara za vumbi ni kavu, asubuhi ni baridi milimani. Ubaya wake ni vumbi, na kuelekea Agosti na Septemba moshi wa mashamba yanayochomwa huficha ziwa. Siku nyingine hutaiona milima ya Kongo ng'ambo.

Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuisha karibu na Mei. Anayependa kijani aje Januari au Februari, ila ajue njia za udongo mwekundu zinateleza kama sabuni na tope linanata kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Katika miezi hiyo kaa kwenye lami.

Niondoke saa ngapi?

Wageni kutoka Dar es Salaam hukosea hapa. Kigoma iko magharibi sana, jua huchomoza zaidi ya nusu saa baada ya kuchomoza Dar. Mwezi Juni kunapambazuka vizuri karibu saa 1 asubuhi. Ukiondoka saa 11 na nusu kama ulivyozoea Pwani, utaendesha gizani. Faida yake ni jioni: mwanga unabaki mpaka karibu saa 1. Hata hivyo, panga uwe umeteremka mlima saa 11. Usiku usiendeshe kabisa huku milimani, hata ukiwa na taa. Magari yenyewe mengine hayana taa.

Magari si mengi?

Kwenye lami ya Manyovu ni machache ukilinganisha na barabara kuu za kwingine, na kati ya gari na gari utasikia ndege na watoto. Yanayopita hukimbia, hasa Probox zilizojaza abiria na mabasi yanayowahi. Kaa kushoto, vaa rangi inayoonekana, na kwenye kona usijipange wawili wawili. Lori likija nyuma wakati lingine linakuja mbele, ondoka kwenye lami ushuke. Usisubiri kuona dereva ataamua nini.

Barabara ya Kidahwe kwenda Kasulu, kilomita 63, ina magari mengi zaidi. Ni nzuri, lakini si ya utulivu ninaouzungumzia hapa.

Naweza kuona mawese yakitengenezwa?

Unaweza, na ningesikitika upite bila kuona. Ukiona moshi kati ya michikichi, mapipa yamewekwa juu ya mafiga na rundo la nyuzinyuzi nyekundu pembeni, hapo ndipo. Shuka mbali kidogo, piga hodi, waamkie wakubwa shikamoo. Asubuhi ukijua kusema "Mwakeye" kwa Kiha, nyuso zitafunguka. Eleza shida yako. Usitoe simu kupiga picha kabla hujaruhusiwa. Wale watu wamevaa nguo za kazi, wamejaa mafuta mpaka viwikoni, na ni haki yao kuamua.

Kazi yenyewe iko hivi. Mkwezi anapanda na kamba na panga, anakata vichala. Vichala vinawekwa siku chache ili chikichi zilegee zichambuke kwa urahisi. Zinachemshwa kwenye pipa kwa saa kadhaa, zinaingizwa kwenye mashine ya kukamua, nyingi bado huzungushwa kwa mkono, na kinachotoka kinachemshwa tena ili maji yatengane na mafuta. Mafuta yanaelea, yanakombwa. Rangi yake nyekundu ni ile ya karoti, kitu kilekile. Nyuzinyuzi hazitupwi, zinarudi motoni kuchemsha pipa linalofuata. Kokwa zikikauka zinapasuliwa kutoa mise, yaani viini vya ndani, na mafuta ya mise hutengenezwa sabuni. Mti mmoja, mafuta ya aina mbili.

Sehemu nyingi kazi ya kukamua ni ya wanawake. Ukikaa muda kidogo watakueleza bei, madalali, mashine iliyoharibika, ada ya shule. Sikiliza. Halafu nunua. Kama hutaki lita nzima, nunua nusu. Usiondoke mikono mitupu baada ya kula saa nzima ya mtu aliye kazini.

Na usiegeshe baiskeli chini ya mchikichi ambao mkwezi yuko juu. Kichala kimoja kinaweza kuvunja fremu, sembuse kichwa.

Nitabebaje mawese kwenye baiskeli?

Kwenye chupa ngumu iliyojazwa robo tatu, kifuniko umekizungushia nailoni, umeisimamisha wima kwenye begi la mgongoni. Usiifunge kwenye keria juu ya gurudumu la nyuma. Ikivuja, tone linaangukia rimu, na rimu yenye mafuta haina breki. Ikitokea, simama, futa kwa majani makavu kisha kwa sabuni na maji, raba pia, ndipo uendelee. Usishangae milimani asubuhi ukakuta mawese yameganda. Baridi huyagandisha, hayajaharibika.

Chakula na maji?

Njiani hutakosa mihogo ya kuchoma, ndizi, karanga na chai ya tangawizi, na tangawizi ya upande wa Buhigwe ni kali kwelikweli. Kwenye vijiji vikubwa kuna mama ntilie mwenye ugali wa muhogo na maharage. Ugali huo unakaa tumboni. Kula baada ya kupanda, si kabla. Migebuka na kuhe, samaki wa ziwani, ni vya jioni ukirudi mjini, vikiungwa kwa mawese.

Maji beba lita 2 kwa mtu. Ya mto na chemchemi yanaonekana safi lakini yachemshe. Na kwa anayelala vijijini, chandarua si jambo la kujadili; malaria huku ni nyingi.

Mimi ni mwanamke na nataka kwenda peke yangu. Inawezekana?

Inawezekana na wapo wanaofanya. Utaulizwa sana unatoka wapi, unakwenda kwa nani, mumeo yuko wapi. Mara nyingi ni udadisi na ukarimu. Jibu kwa upole au usijibu. Vaa suruali pana au funga kanga juu ya kaptula ukishuka kwenye baiskeli, hasa Ujiji, ambako mji ni wa Kiislamu na watu hujisitiri. Ningekushauri mara ya kwanza uende na mwenzako, si kwa sababu ya jinsia tu: ukianguka mlimani, mtu wa pili ndiye anayekwenda kuita msaada. Ushauri huohuo nawapa wanaume.

Naweza kwenda Gombe kwa baiskeli?

Hapana. Hifadhi ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, hufikiwa kwa boti. Ila mgongo wa milima unaouona magharibi ukiwa kwenye barabara ya Manyovu ndio unaoteremka upande wa pili kwenda huko.

Na Burundi?

Manyovu ni mpakani. Kuvuka ni lazima upite uhamiaji na hati zako. Hata kama huvuki, tembea na kitambulisho. Kwenye vizuizi vya barabarani mkoani hapa utaombwa, na mgeni mwenye baiskeli bila kitambulisho atachelewa.

Baiskeli yangu itafikaje Kigoma?

Treni ya reli ya kati ndiyo ninayoipenda. Baiskeli inakwenda kama mzigo, unapewa stakabadhi. Andika jina na namba ya simu, uvibandike kwenye fremu kwa gundi, fungua pedali na uzibebe mwenyewe. Kwa basi inaingia kwenye buti au inafungwa juu. Hakikisha upande wa cheni uko juu na usiondoke mpaka umeona kamba imekazwa.

Nikirudi mjini jioni, nipumzikie wapi?

Teremka mpaka Kibirizi, pembeni ya ziwa, kabla hujaoga. Kaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kama mwenyewe ameruhusu. Jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, na kama si usiku wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanajaza mafuta kwenye injini na kupakia taa. Usiku wa mwezi mpevu wengi hawaendi, kwa sababu dagaa hawaifuati taa wakati ziwa zima lina mwanga. Giza likiingia zile taa zinaanza kuwaka mbali majini, moja moja, mpaka ziwa linaonekana kama mji mwingine. Miguu ikiuma, iloweshe hapo hapo ufukweni.